Tulikwenda Kumwona Mgonjwa

(Mazungumzo ya redio. Somo: Danieli 1:8–16 na Warumi 14:1–4)

 Wapenzi wasikilizaji, huenda chai iko tayari mezani. Leo twataka kuzungumza juu ya hiyo chai yenyewe, na juu ya sahani ya mchana na ya jioni. Huenda mmoja wenu akauliza, "Je, chakula nacho ni neno la kuhubiri?" Ndiyo, ndugu. Mtume Paulo alifundisha kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu, na hekalu huingiliwa kwa mlango. Mlango mmoja wapo ni kinywa. Kinywa hicho hicho, kama mtakavyosikia, huingiza chakula na hutoa maneno. Sisi tulikosa kwa vyote viwili.

Tunakaa Suna, katika mji wa Migori. Barabara kubwa ya lami itokayo Kisii kwenda Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupita katikati ya mji wetu. Katika kanisa letu yuko mama mmoja ambaye hatutamtaja jina. Ametupa ruhusa tusimulie habari zake ili wengine wapate faida. Mama huyu alikuwa mnene kwa miaka mingi, na sisi sote tulimsifu kwa unene huo. Kwetu mtu akinenepa tunasema amekaa vizuri na nyumba yake ina baraka. Akikonda, twaulizana kuna nini kule nyumbani.

Basi mama huyo akaanza kupungua mwili. Gauni lake la Jumapili likamlegea mabegani. Kwenye matanga, sahani ya nyama ilipopitishwa, aliipisha iende kwa mwingine. Ndipo tukaanza kunong'ona, na wasikilizaji wa sehemu zetu mnajua tulichonong'ona. Katika miaka ya 1980 na 1990 Ukimwi ulipita katika nyumba za Migori na Homa Bay, ukaacha makaburi mengi kuliko tulivyoweza kuyalilia. Jirani zetu wa Uganda waliuita Silimu, kwa sababu ya kukonda. Wajaluo wakauita Ayaki. Wazee wengine walisema ni chira, ule udhaifu ambao desturi husema humpata mtu avunjaye mwiko. Mwaka 1999 Serikali ya Kenya iliutangaza kuwa janga la taifa. Katika miaka hiyo macho yetu yalijifunza somo moja, wala hayajalisahau: akondaye yuko njiani kwenda kaburini.

Jumapili moja baada ya ibada tukaamua kwenda kumwona mgonjwa. Tulikuwa watu saba. Tulibeba sukari kilo mbili, mikate miwili na kopo la mafuta ya kupikia, kama ilivyo desturi. Njiani tulichagua wimbo wa faraja. Tulipofika, mlango ulikuwa wazi na kitandani hapakuwa na mtu. Mgonjwa wetu alikuwa nyuma ya nyumba, ameinama, akipalilia njugu, naye amekwisha maliza mistari minne. Akanyoosha mgongo, akatutazama, akaitazama sukari, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikaisha, lakini machozi yakaendelea.

"Karibuni, wapendwa," akasema. "Nimeambiwa mara nyingi kwamba ninakufa. Leo naona mmekuja kunizika."

Tuliketi chini ya mwembe, tukaona haya kufungua vitabu vya nyimbo. Naye akatueleza habari yake.

Karibu mwaka mmoja na nusu nyuma alikuwa amekwenda zahanati kwa sababu ya kichwa kuuma na magoti kumlemea. Daktari alimpima akamkuta presha iko juu, na sukari katika damu imeanza kupanda. Akamsimamisha kwenye mizani: kilo 84. Akampima urefu: mita 1.60. Kisha akamwonyesha hesabu ambayo hata sisi twaweza kuifanya nyumbani. Uchukue kilo zako, uzigawe kwa mita za urefu wako, na jibu lake uligawe tena kwa urefu ule ule. Ukigawa 84 kwa 1.6 wapata 52.5. Ukigawa tena kwa 1.6 wapata karibu 33. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba mtu mzima akifika 25 uzito wake umezidi, na akifika 30 huo ni unene wa maradhi.

Mama alishangaa. Alisema, "Daktari, mbona sijioni mgonjwa? Watu wote wananisifu."

Daktari akamjibu, "Mama, hauko peke yako." Naye alisema kweli. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya kila wanawake wazima 100, wapatao 38 walikuwa wamezidi uzito, na kati ya wanaume 100, wapatao 17. Uchunguzi huo huo ulionyesha kwamba watu 94 katika kila 100 hawali matunda na mboga za kutosha. Haya si mambo ya mabwana wakubwa wa Nairobi tu. Yamo sokoni Migori, na yamo katika viti vya kanisa letu.

Daktari hakumwambia awe mwembamba kama msichana wa shule. Alimwambia apunguze kilo 4 hadi 8 kwanza, kwa maana hata kupungua sehemu 5 hadi 10 katika kila 100 za uzito husaidia presha na sukari kushuka. Akamwonya asikimbie. Nusu kilo kwa juma yatosha, wala isizidi kilo moja.

Mama akarudi nyumbani na shauri moja moyoni: adui ni nyama. Akaacha ng'ombe, akaacha kuku, akaacha hata omena. Lakini asubuhi alikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na mandazi matatu. Mchana alikula chapati, na jioni ugali mkubwa na sukuma wiki iliyoogelea katika mafuta. Akipita stendi alinunua chipsi na soda. Baada ya miezi miwili akapanda mizani tena. Kilo 86.

Hapo, ndugu wasikilizaji, tutulie kidogo, kwa sababu wengi huanguka mahali hapa. Mandazi hayana nyama. Soda haina nyama. Chipsi ni viazi, na viazi ni mazao ya shamba. Mtu aweza kuacha nyama maisha yake yote na bado akazidi kunenepa. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta kina nguvu karibu sawa na ile mtu atumiayo kwa kutembea nusu saa. Chupa ndogo ya soda ina sukari ipatayo vijiko saba vya chai. Kilichomnenepesha mama huyu hakikuwa kipande cha nyama cha Jumapili peke yake, bali mafuta, sukari na unga uliokobolewa wa siku zote.

Aliyemfungua macho alikuwa jirani yake, mama Mwadventista Msabato. Ndugu zetu hao wana historia ndefu kwetu. Wamisionari wao wa kwanza, Arthur Carscallen kutoka ng'ambo na Peter Nyambo, Mwafrika mwenzetu kutoka Malawi ya leo, walifika Gendia karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Mafundisho juu ya chakula ni sehemu ya imani yao, na wengi wao hawali nyama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, walianza mwaka 2002 kuwaandikisha Waadventista wapatao 96,000 wa Marekani na Kanada ili wachunguze chakula chao na afya yao. Katika ripoti ya mwaka 2009, wale waliokula nyama walikuwa na wastani wa 28.8 kwa hesabu ile ya kilo na urefu. Wale wasiokula kitu chochote cha mnyama walikuwa na 23.6. Ugonjwa wa sukari nao ulikuwa umewapata wachache zaidi. Hatusemi kwamba mboga peke yake ndiyo iliyofanya yote hayo, maana mtu ajitunzaye katika jambo moja hujitunza katika mengi. Lakini ushuhuda huo si mdogo.

Jirani yule hakuja na vitabu. Alikuja na kikapu. Ndani yake mlikuwa na mboga ambazo bibi zetu walizijua kabla ya sukuma wiki kuenea: mnavu, ambao Wajaluo huuita osuga, mgagani, yaani dek, majani ya kunde, mrenda, yaani apoth, na mitoo. Akamwambia, "Dada, sahani yako uigawe. Nusu iwe mboga za majani. Robo iwe maharagwe, ndengu au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, nao usizidi ngumi yako." Tena akamshauri kwamba ugali uwe wa mtama au wimbi, au wa mahindi yaliyosagwa pamoja na maganda yake.

Mama alidhani atalala njaa. Hakulala njaa. Sababu yake ni nyepesi. Mboga za majani na maharagwe hujaza tumbo kwa maji na nyuzinyuzi, lakini nguvu ya kunenepesha iliyomo ni kidogo. Tena maharagwe hujenga mwili na hukaa tumboni muda mrefu. Mtu aliyekula nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, hatafuti mandazi saa nne.

Mafuta nayo yalipata kipimo. Zamani aliyamimina kutoka kwenye chupa bila kutazama. Sasa kijiko kimoja cha kulia hutosha sufuria nzima ya watu wa nyumbani. Njugu alikula konzi moja tu, maana njugu ni chakula chema lakini zina mafuta mengi. Parachichi alikula nusu, na nusu akampa mtoto. Sukari aliipunguza polepole: kutoka vijiko vinne hadi vitatu, baada ya majuma mawili hadi viwili, mpaka ulimi ukasahau. Badala ya soda alikunywa maji, au uji wa wimbi uliotiwa ndimu. Badala ya kupanda bodaboda kwenda sokoni, alikwenda kwa miguu nusu saa, siku tano za juma.

Jirani yule alimwonya pia juu ya jambo ambalo wengi hawalijui. Mazao ya shamba hayana vitamini B12, na pasipo hiyo damu na mishipa ya fahamu hudhurika. Mama huyu hunywa kikombe cha maziwa kila siku na hula mayai, kwa hiyo anaipata. Lakini aachaye hata maziwa na mayai hana budi kuuliza hospitalini juu ya vidonge vya vitamini hiyo. Tena, ili mwili upate madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharagwe, yafaa kula pamoja na ndimu, nyanya au chungwa, na kuiacha chai mpaka ipite saa moja baada ya chakula.

Kwa miezi minane alipungua kilo 14, kutoka 86 hadi 72. Presha ikashuka. Sukari ikarudi mahali pake. Magoti yakaacha kulalamika. Daktari alifurahi, na mumewe alifurahi. Ni sisi tu, ndugu zake katika Bwana, tulioanza kumchimbia kaburi.

Mtu mmoja wetu, hata leo hajulikani ni nani, alimpigia simu binti yake aliyeko Nairobi akamwambia, "Njoo upesi, mama yako amekwisha." Msichana yule alisafiri usiku kucha akilia. Alfajiri alipofika, mama yake ndiye aliyemfungulia mlango, ameshika ndoo ya maji. Wakakumbatiana, binti akitetemeka. Siku ile, alituambia, ndipo alipokaribia kushindwa. Alijisemea, "Heri nirudie chapati zangu, ninenepe tena, watu wanyamaze." Fikirini, wapendwa. Kazi ya miezi minane, iliyoshinda sukari na presha, ilikaribia kushindwa na ndimi zetu.

Sasa tugeukie somo letu la Danieli. Vijana wanne wa Yuda walikuwa katika nyumba ya mfalme wa Babeli, wakawekewa chakula cha kifalme na divai. Danieli aliazimia moyoni asijitie unajisi kwa chakula kile. Tazameni alivyofanya. Hakugombana na mtu. Aliomba kwa adabu, akataka wajaribiwe siku kumi kwa mazao ya shamba na maji. Na mkuu aliyewasimamia aliogopa nini? Hakuogopa dhambi, wala hakuogopa njaa. Aliogopa nyuso! Aliogopa mfalme asije akaziona nyuso za vijana hawa zimekonda kuliko za wenzao. Hofu ya Suna ilikuwako Babeli, miaka mingi kabla ya Kristo.

Siku kumi zilipokwisha, nyuso zao zilionekana nzuri, na miili yao imenawiri kuliko wale waliokula meza ya mfalme. Maandiko hayasemi kwamba mboga ziliwakondesha. Yasema ziliwapa afya. Basi twajifunza kwamba lengo la mtu wa Mungu ni mwili ulio tayari kwa kazi, uwe mwembamba au mpana. Aliyezidi, chakula cha shamba kilicho na kipimo humpunguza. Aliyepungukiwa, maharagwe, maziwa na njugu humjenga.

Lakini tusifanye sheria mahali ambapo Mungu hakuiweka. Watu wa ziwani Homa Bay watatuuliza, "Je, samaki ni dhambi?" La, hasha. Luka atusimulia kwamba Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, alikula samaki mbele ya wanafunzi wake. Paulo naye aliwaandikia Warumi juu ya mtu alaye vyote na mtu alaye mboga tu, akawakataza wasidharauliane wala kuhukumiana, kwa maana kila mmoja ni mtumishi wa Bwana. Alaye nyama asimcheke alaye mboga. Alaye mboga asijione mtakatifu. Na mwenye matanga akiona mgeni amepokea ugali kidogo na mboga, asiseme amedharauliwa, bali ashukuru kwamba amekuja kulia pamoja naye.

Yafaa pia tuseme maneno matatu ya tahadhari. La kwanza: mtu anayekonda bila kutaka, huku anakula kama kawaida, au ana kikohozi au homa isiyokwisha, aende hospitali mapema wala asijifariji kwamba ni mboga. La pili: mtoto anayekua, mama mjamzito na mama anyonyeshaye wasijinyime chakula ili wapungue. La tatu: mwenye kutumia dawa za sukari au presha asibadili chakula chake ghafula pasipo kumwambia daktari, kwa sababu dawa ile ile yaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Wala dawa isiachwe bila amri ya daktari.

Na tuseme neno moja zaidi kwa unyenyekevu. Hata kama mama yule angekuwa na virusi vya Ukimwi, minong'ono yetu ingekuwa dhambi ile ile. Leo wako wengi wenye virusi hivyo wanaotumia dawa zao vizuri, wana nguvu, wanalima, wanalea watoto, na huwezi kuwatambua kwa unene wala kwa wembamba. Mwili wa jirani si barua uliyoandikiwa wewe uisome. Ukiona amepungua, mwendee umwulize kwa upendo, "Dada, u hali gani?" Uulize kwake, wala usiulize kwa wengine. Swali hilo moja lingetuokoa na aibu yetu ya siku ile.

Mwajua jinsi ziara yetu ilivyokwisha? Tulimwomba msamaha pale pale chini ya mwembe, mmoja baada ya mwingine. Naye akaingia jikoni, akatuandalia osuga iliyotiwa maziwa, nyoyo na papai. Tulikula tukashiba. Tulipoaga tulitaka kurudi na ile sukari, lakini alikataa akasema, "Iacheni. Itakuwa ya wageni, nami nitawapa kijiko kimoja kimoja." Tangu siku ile watu kumi na mmoja wa kanisa letu wamepanda mizani, na wengine wetu tumeshangaa kwa tulichokiona. Ule wimbo wa faraja tuliuimba njiani wakati wa kurudi, kwa ajili yetu wenyewe.

Basi, msikilizaji mpendwa, jijaribu siku kumi kama Danieli. Nusu ya sahani iwe majani. Mafuta yapimwe kwa kijiko. Sukari ipungue kijiko kimoja. Tembea nusu saa. Na katika siku hizo kumi, usitaje mwili wa mtu yeyote ila kwa kumwombea. Huenda hili la mwisho likawa gumu kuliko kuacha mandazi.

Tuombe. Ee Baba yetu, uliyeotesha mboga kwa ajili yetu, twakushukuru kwa mvua na kwa mashamba. Utufundishe kula kwa kiasi na kusema kwa upendo. Uwaponye walio wagonjwa, uwatie nguvu waliochoka katikati ya safari yao, na utusamehe sisi tuliowahukumu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mpaka tutakapokutana tena, kwaherini, na Bwana awabariki.